Wanasiasa Waliogeuka Kabla ya Baba

Baba yangu aliijua Kanada kwa mdomo wangu. Hakuwahi kufika, Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu, na televisheni za Kiarabu siku zile hazikuwa na habari na mabunge ya watu wa theluji. Mimi ndiye niliyekuwa nikirudi kutoka kazini Al Khuwair, hapa Maskati, nikavua abaya, nikamtilia kahawa, kisha nikaanza kumsomea dunia. Alipenda siasa kuliko wali, ingawa hakuwahi kugombea hata uimamu wa msikiti. Alizaliwa Tabora na kukulia humo katika miaka ya kudai uhuru, na aliapa kwamba aliwahi kumwona mtu akitoka kwake asubuhi na kofia ya chama kimoja, akarudi jioni na ya chama kingine. Kutokana na kofia ile akajitungia elimu yake mwenyewe.

"Mtu akigeuka," akiniambia, "usimtazame mdomo. Tazama nani kasimama nyuma yake."

Kanada iliingia nyumbani kwetu Darsait kwa sababu ya kaka yangu. Tulikuwa wawili tu, na mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kaka akapata nafasi ya kwenda kusoma uhandisi huko, na jamaa wote wa kutoka bara, wa Tabora na Ujiji na Bujumbura, wakaja kumuaga kwa vyungu vya biriani. Akasoma, akamaliza, akapata kazi. Baba akaanza kumtafutia mke.

Kwetu posa haiendi kichwa kichwa. Kwanza wanawake wananong'onezana, kisha wanaume wanakutana kana kwamba kwa bahati, na mpaka mtu anapokwenda kubisha hodi jibu lake analijua. Baba alishapata jibu la ndiyo katika nyumba moja ya Ruwi, watu wazuri, binti mzuri, kaka akasema bado. Akapata la pili, kaka akasema bado. La tatu baba akaona anaaibika mbele za watu, akachukua simu mwenyewe na kumuuliza ana kasoro gani.

Nilikuwa nimekaa pale pale, nakunja nguo. Baba alisikiliza muda mrefu. Kaka alimwambia kwamba anaishi na mwanamume, kwamba ndiye huyo huyo tangu mwaka wa pili wa masomo, na kwamba hataki kumdhulumu binti wa watu. Baba akaiweka simu chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akaniambia, "Simu ikilia kutoka huko, pokea weye." Ikawa ndiyo hivyo kwa miaka.

Ningependelea amlaani. Laana ina dua yake ya kuitengua na wazee wanaijua, lakini kimya cha baba nilikuwa sijui nikishike wapi. Siku za Idi simu ikilia alikuwa akisimama na kwenda kufungua dirisha, hata kama ni kiangazi na joto la Darsait linachoma kope. Mimi nazungumza na kaka kwa sauti ya juu, narudia kila anachosema ili upande wa dirishani usikie. "Unasema umepandishwa cheo? Hongera! Unasema umepata mafua?" Kaka alielewa, naye akawa ananitajia mambo ya kurudiwa. Tulikuwa watu wazima wawili tunaofanya maigizo kwa ajili ya mgongo wa mzee.

Barazani baba alisema kijana bado anasoma. Baraza yake ilikuwa mbele ya duka la vipuri vya magari, viti vya plastiki, birika la kahawa na sahani ya tende, na wazee wenzake wote waliotoka Afrika wakizungumza Kiswahili cha kabla ya uhuru. Waliacha kuuliza baada ya muda, isipokuwa mmoja mwenye duka, mcheshi asiyekuwa na breki. "Masomo gani hayo," akasema, "kijana kasoma mpaka nywele zimempukutika." Baba alicheka na wenzake. Nilijua kicheko chake cha kweli, na kile hakikuwa chenyewe.

Mimi nami nilikuwa na masomo yangu. Nilikuwa nimevuka thelathini, sijaolewa, na kila nyumba niliyoingia niliulizwa lini. Mwanzoni nilikuwa nikijibu kwa mzaha, baadaye nikaacha kwenda. Sitasema uongo, nilikuwa mpweke. Mtu niliyekuwa nikimweleza yangu tangu utotoni alikuwa Toronto, na aliyekuwa nami chumba cha pili alikuwa hataki kusikia jina lake. Nilimtaka kaka arudi. Hata wiki moja ingenitosha, aje akae kwenye sinia moja na sisi, anipokonye ukoko wa wali kama zamani. Sikuwa na fatwa mfukoni. Niliswali, nilifunga, nilijua kinachosemwa msikitini, na sikuwa na hamu ya kubishana na mtu. Nilimtaka ndugu yangu mezani, basi.

Kwa hiyo nikamtegea baba kwa kile alichokipenda. Kama hawezi kuingia katika habari ya mwanawe kwa mlango wa mbele, nikasema, nitamwingiza kwa mlango wa siasa. Nikaanza kumsomea habari za ndoa za jinsia moja zilizokuwa zikibishaniwa kule, nikizichanganya na bei ya mafuta na vita vya Balkani ili zisionekane.

Mwanzoni nilijipalia makaa mwenyewe. Bunge la Kanada lilipiga kura kusema ndoa ni ya mume na mke na si vinginevyo, na wengi wa waliopiga kura hiyo walikuwa wa chama nilichokuwa nimemsifia baba. "Umeona?" akasema, akanywa kahawa yake kwa raha, na jioni ile akala vizuri. Lakini miaka ilipoingia elfu mbili, mahakama za kule zikaanza kusema vingine, na wanasiasa wale wale, mmoja mmoja, wakaanza kusogea. Hapo baba akawa mwalimu.

"Huyu alipiga kura ya kupinga," nikimsomea. "Leo anasema ataunga mkono."

"Wa wapi?"

"Toronto, mjini."

"Huyo kageuzwa na kura. Mwengine."

"Huyu waziri. Anasema moyo wake haujabadilika, lakini haki ni haki."

"Huyo kageuzwa na mkubwa wake. Akitoka kazini atarudi alikokuwa." Akanyoosha kikombe nimwongezee. "Nna hamu na mmoja tu aliyegeuka mwenyewe. Huna?"

Kulikuwa na mmoja wa nchi ya jirani yao, Marekani, aliyesema hataki ndoa lakini anataka mkataba wenye haki zote za ndoa. Baba alicheka mpaka akapaliwa. "Kala ng'ombe mzima," akasema, "mkia umemshinda." Jioni kama zile nilimpenda mno, na zilinikasirisha mno, kwa sababu mtu mwenye akili namna ile aliwezaje kukaa hatua mbili kutoka kwenye jambo lake mwenyewe asiliguse.

Kisha nikampata. Mbunge wa mashamba ya mbali, wakulima wa ngano, watu wa kanisa. Alikuwa amesema hapana kila mara alipoulizwa. Watu wake walikuwa hawataki na alijua watamwangusha, na bado akasimama akasema amebadili msimamo. Nilimsomea baba polepole, nikamtafsiria kila neno. Safari hii hakuuliza wa wapi. Akaweka kikombe chini.

"Huyo ana mtu nyumbani," akasema.

"Mtu gani?"

"Mtoto. Au ndugu. Mtu hawapi kisogo watu wake bure bure." Akatazama kizingiti cha mlango. "Soma khabari nyengine."

Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha, mjinga mimi. Niliona mlango umefanya ufa. Nilimwambia kaka, naye akawa kila akipiga simu anauliza, "Vipi, mzee kasema tena?" Wiki zikapita, mwezi ukapita. Mbunge yule akawa ametajwa katika magazeti yote, akapata maadui na marafiki, na baba akaendelea kufungua dirisha simu ikilia.

Mwaka sheria ilipopita kule, kaka akaoa. Alinipigia ofisini, na kwa kuwa tulikuwa watano katika chumba kimoja, nilisema "naam" na "sawa" na "inshallah kheri" kana kwamba nazungumza na fundi wa kiyoyozi. Walikwenda kuandikishwa na mashahidi wawili, wakala chakula cha mchana, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilipotoka nilipita kwa muuza halwa nikanunua bakuli kubwa, halwa ya zafarani yenye lozi, kwa sababu ndoa kwetu haipiti bila halwa kugawiwa. Nilikaa nayo garini, katika maegesho, injini inanguruma. Nikawaza nimpelekee nani. Kila nyumba niliyoifikiria ingeuliza ni halwa ya nini.

Kesho yake nikaipeleka ofisini nikaiweka mezani. Wenzangu wakashangilia. "Umechumbiwa!" mmoja akapiga kelele, na nikaona wanavyofurahi kweli, wale wanawake waliokuwa wameshanikatia tamaa. Nikasema hapana, imenijia hamu tu. Walikula wakaimaliza huku wakinitazama kwa huruma, wakidhani naficha posa iliyovunjika. Ndivyo ndoa ya kaka yangu ilivyosherehekewa Maskati.

Wakati huo tulikuwa tunahamia Mabela, nje kidogo ya mji. Serikali ilikuwa imempa baba kiwanja miaka mingi nyuma, na ramani ya nyumba aliichoresha zamani, ina sehemu yenye mlango wake wa nje kwa ajili ya kaka na mkewe. Nilitegemea ataifuta. Fundi alipomuuliza, akasema, "Jenga ilivyoandikwa." Nikakaa na jibu hilo siku nyingi nikiligeuza. Sehemu ile ikajengwa, ikapakwa rangi, tukaweka humo magunia ya mchele na feni zilizoharibika.

Mabela ya siku zile ilikuwa nyumba mpya na kuta ndefu, kila mtu na geti lake. Darsait ukipiga chafya mtu wa chini alikuombea. Huku niliweza kumaliza wiki bila kujua jina la jirani. Baraza ya baba ilikufa kwa umbali, na kwa umri, maana wazee walikuwa wakiondoka mmoja baada ya mmoja na kila msiba ulipunguza kiti. Mwisho akabaki yule mcheshi mwenye duka la vipuri. Alikuwa akiletwa na dereva wake kila Ijumaa, na baba aliisubiri Ijumaa tangu Jumamosi.

Ijumaa moja mgeni akawa amesikia kwenye televisheni habari ya ndoa zile, nchi nyingine nayo imepitisha. Akaanza mizaha yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa.

"Wanasiasa wao wamegeuka wote kama chapati," alisema. "Jana haramu, leo halali. Nnakwambia, na weye mwanao aliyeko huko uangalie, asije akatuletea bwana harusi na tarumbeta!"

Baba akacheka. Akacheka sana, akapiga na paja. Niliingia, nikaweka sinia, nikatoka bila salamu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya maishani kwa mgeni wa baba.

Gari la mgeni lilipotoka getini nikarudi. "Umecheka," nikamwambia.

"Mtu kafanya mzaha."

"Umemcheka mwanao, Baba. Miaka yote hii unanifundisha nani kageuzwa na kura, nani kageuzwa na mkubwa wake. Na weye nani kasimama nyuma yako?"

Nilidhani atanifukuza. Alikuwa amekaa kwenye mto, magoti yake yanamuuma, akiyasugua kwa viganja.

"Wale," akasema, "wakigeuka hupata watu wepya wa kuwapigia makofi. Mie nikigeuka, nani atakunywa kahawa na mie?"

Hakusema kwa hasira. Nilikuwa na jibu, nilikuwa na majibu kumi. Ningeweza kumwambia kwamba kahawa ile imebaki ya mtu mmoja. Ningeweza kumuuliza mimi ninywe na nani. Nikaokota vikombe.

Baadaye mgeni wake alipatwa na kiharusi. Hakufa, ila ulimi ukalala upande mmoja na hakutaka mtu amwone. Ijumaa zikawa tupu. Nilikuwa nikirudi kutoka jikoni namkuta baba amekaa sebuleni amevaa kanzu safi na kofia yake ya kudarizi, amejifukiza udi, hana mgeni wa kumngoja. Nikimsomea habari alisikia nusu. Sikio moja lilikuwa limekwisha zibika na la pili likitaka kupigiwa kelele. Siku moja, baada ya Alasiri, nilikuwa katikati ya habari za uchaguzi wa mahali fulani, akaninyooshea kidole.

"Piga," akasema.

"Nimpigie nani?"

Akatazama simu.

Sijui nilibonyeza namba zile kwa vidole vya nani. Nikaweka spika kwa ajili ya sikio lake na kumwekea simu juu ya goti. Kanada ilikuwa asubuhi. Ikalia, ikalia, ikapokewa, na baba, kabla sijasema kitu, akatoa "Assalaam alaikum" nzito, ya mtu anayeingia nyumba ya watu.

Upande wa pili mtu akavuta pumzi. Haikuwa pumzi ya kaka. Nilijua mara moja ni nani, nikanyoosha mkono kuichukua simu, na hapo sauti ya mwanamume, nene, ya mtu anayetembea juu ya mawe bila viatu, ikasema:

"Shikamoo, Baba."

Wazee wetu wanaweza kukunyima mengi. Watakunyima binti, watakunyima mkono, watakaa jirani nawe miaka wasikutazame. Lakini shikamoo haiachwi ikaanguka chini. Hata mwizi akifungwa kamba, akikuamkia unamwitikia kwanza ndipo umpige. Baba aliiitikia tangu yuko kijana wa Tabora, ikawa haipiti tena kichwani, inatoka yenyewe kifuani.

"Marahaba," akasema. "Hujambo?"

"Sijambo."

Na hapo wote wawili wakaishiwa maneno. Mwanamume yule alikuwa hana Kiswahili kingine, na baba alikuwa ameshatambua neno lililomtoka, na ni kwa nani. Niliona linavyomfikia usoni. Sauti ile ikaniambia kwa Kiingereza, kwa haraka, kwamba kaka ametoka kununua mkate, anarudi sasa hivi, tafadhali nisikate.

"Katoka, Baba," nikasema. "Anarudi sasa hivi. Ungoje?"

Baba akaiondoa simu gotini na kunipa. "Kamfunza," akasema, kwa sauti ndogo. Akashika ukuta akainuka, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango.

Kaka alipiga baada ya muda mfupi, anahema, nadhani alikimbia na mkate wake. Niligonga mlango wa baba. Akasema amelala. Ijumaa iliyofuata nikamuuliza nipige, akasema leo hajisikii vizuri. Nyingine akasema magoti. Niliendelea kumsomea wanasiasa wake, na kule walikuwa wamekwisha kugeuka hata wale wa kugeuzwa na upepo. Sasa walikuwa wakishindana nani aligeuka mapema zaidi. Baba hakuwafundishia tena. Mtu akimuuliza kijana wake yuko wapi, alisema yuko Kanada, na neno la masomo likawa limepotea katika jibu lake, nami sikuthubutu kuuliza lilikwenda wapi.

Alifariki asubuhi moja ya majira ya baridi, kitandani, baada ya kuswali. Kwetu maiti hangoji. Kule kulikuwa bado usiku na kaka hakusikia simu, na alipoisikia tulikuwa tumeshamzika baada ya Adhuhuri. Wanaume wa mbali, watoto wa binamu ambao hata sura zao sikuzijua vizuri, ndio walioingia kaburini kumpokea. Kaka alikata tiketi, kisha akaifuta. Alisema, "Nije kwa nani sasa?" Nilikuwa nipo. Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile yote peke yangu, simu mkononi, na sikuweza kumwambia kwamba angekuja kwangu.

Siku ya tatu, azaa ya kupokea rambirambi ilipokwisha na wanawake wameondoka na mitungi yao, akapiga tena. Hakulia. Aliuliza juu ya sanda, juu ya mahali alipolazwa, kama ni karibu na mama. Nikamjibu yote. Kisha akauliza lile ambalo nadhani alikuwa amekaa nalo tangu asubuhi ile ya mkate.

"Alipomwitikia. Alimwitikia kwa sauti gani?"

"Ya kawaida tu," nikamwambia. "Kama anavyomwitikia mtoto wa nyumbani."